Kilomita mia saba nyuma ya Mbao

Jumatano, 24 Mei 2017. Mwanza

Leo randa haijagusa ubao. Tangu asubuhi karakana imejaa watu ambao hawana shida ya kitanda wala mlango. Anaingia mmoja, anakaa juu ya rundo la mbao, anauliza lile lile: fundi, tutatoboa?

Mwaka jana mwezi kama huu hakuna ambaye angeuliza. Timu yetu, Mbao FC, ndiyo kwanza ilikuwa imeambiwa itacheza Ligi Kuu, tena baada ya shirikisho la soka, TFF, kuziadhibu timu zilizokuwa juu yetu kwa kupanga matokeo. Watu wengi hapa Mwanza walikuwa hawajui hata wachezaji wetu watatu kwa majina. Msimu mzima tumehangaika chini, na Jumamosi iliyopita ndipo tulipojinusuru. Jumamosi hii tunacheza fainali ya Kombe la FA na Simba, Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, na mshindi anakwenda Kombe la Shirikisho Afrika. Nimeiandika sentensi hiyo, kisha nikairudia kuisoma mara mbili.

Tulikofika hatukufika kwa kubebwa. Kagera Sugar tuliwatoa kwao Kaitaba. Yanga tuliwatoa nusu fainali hapa Kirumba, Aprili 30, 1-0, beki wao Dante akajifunga. Wakasema bahati. Siku ishirini baadaye, mechi ya mwisho ya ligi, tukawafunga tena 1-0 uwanja uleule. Ubingwa waliuchukua kwa tofauti ya mabao tu, maana pointi zao 68 zilikuwa sawa na za Simba.

Na hapo kwa Simba ndipo roho yangu inapokataa kutulia.

Nilikuwepo Kirumba Aprili 10. Tuliongoza 2-0. Dakika zikayoyoma, jukwaa letu likawa linaimba, wengine wamekwisha simama wanatafuta njia wawahi daladala. Blagnon, mshambuliaji wa Simba, akarudisha moja. Blagnon akarudisha la pili. Kiungo wao Mzamiru Yassin akamaliza kazi, 3-2, na dakika tisini zilikuwa zimeshatimia. Ni huyohuyo Mzamiru aliyetufunga Oktoba kule Dar, 1-0, nalo lilikuja mwishoni baada ya vijana kuhimili karibu mechi nzima. Kwa hiyo wanaoniuliza kama tunaweza kusimama na Simba nawajibu ndiyo, tumeshasimama nao mara mbili. Ninachokiogopa ni dakika kumi za mwisho. Kuanza mechi na Simba tunajua. Kuimaliza bado.

Jioni nimechukua ubao wa msonobari, inchi moja kwa nane, futi nne, nikaupiga msasa na kuandika MBAO kwa rangi nyeusi. Uwanjani hawataruhusu kuingia nao, najua. Utakaa mbele ya basi, nyuma ya kioo. Upande wa nyuma nimeuacha mweupe ili njiani kila mtu aandike matokeo yake kwa penseli.

Alhamisi, 25 Mei. Mwanza hadi Singida

Tumeondoka Kirumba saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu ishirini na tisa ndani ya basi dogo la kukodi. Mpaka Usagara kelele tupu. Misungwi sauti zikaanza kukauka. Tulipoiacha Shinyanga ndipo mazungumzo ya kweli yalipoanza.

Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha SAUT alisimama katikati ya njia akauliza: humu ndani nani ana Mbao peke yake, hana Simba wala Yanga moyoni? Mikono iliyoinuka ni tisa. Wa Yanga walikuwa wengi, na hawakuona haya kusema: tumetolewa nanyi, tumefungwa nanyi, lakini kombe bora liende Mwanza kuliko Msimbazi kwa Simba. Wa Simba walikuwa wanne, kimya. Mimi mkono wangu haukuinuka. Nimelelewa Simba; baba alikuwa Simba, kaka yangu ni Simba mpaka kesho. Lakini Aprili 10, Mzamiru alipofunga lile la tatu, niligundua nimekaa chini na machozi yananitoka, na yule niliyemlilia hakuwa Simba. Niliwaeleza hivyo. Hakuna aliyenicheka. Mmoja wa wale wanne akasema na yeye yalimkuta hayohayo.

Mzee aliyekaa kiti cha mbele alisikiliza yote hayo bila kugeuka. Ni mwalimu mstaafu, alicheza beki ya kati miaka ya themanini, na vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Alipozungumza basi zima lilinyamaza. Alisema watu wa Mwanza tusijione wageni wa mambo haya, na Pamba, TP Lindanda, tuliwahi kuwa nayo. Akasema 1986 Tukuyu Stars walitoka kule Rungwe, wachanga kabisa kwenye ligi, wakachukua ubingwa wa nchi nzima mbele ya Simba na Yanga. Hiyo ni ligi, akasema, mechi baada ya mechi, hakuna kujificha. "Sasa ninyi mnaambiwa mshinde siku moja, mnatetemeka."

Dogo wa SAUT naye akaleta ya Uingereza: 2013, Wigan waliifunga Manchester City 1-0 kwenye fainali ya FA, Ben Watson kwa kichwa, muda wa majeruhi. Siku tatu baadaye wakashuka daraja. Timu iliyokuwa inazama kwenye ligi ikabeba kombe. Wa Yanga walishangilia kama bao limefungwa muda huohuo.

Mimi nikauliza swali langu. Wigan walifunga wao mwishoni. Sisi mwishoni tunafungwa. Kwa nini?

Aliyejibu kwanza ni mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni. Sijawahi kumsikia mtu akitazama mpira kama yeye. Alisema: "Mimi naangalia soksi. Mchezaji akishusha soksi, kigimbi kimeanza kukaza. Siku ile ya Aprili, kabla Simba hawajapata hata moja, nilihesabu wetu wawili wameshusha. Nikamwambia mwanangu, tushike roho zetu." Nilirudi kichwani kwenye siku ile. Nilikuwa nautazama mpira tu. Soksi sikuziona.

Nzega tulisimama kidogo, Igunga hatukusimama. Mbuga ya Wembere ilikuwa imetulia, nyasi zimeanza kugeuka rangi, ng'ombe wamejipanga kwa mbali. Baada ya Shelui tukaanza kuupanda Sekenke, na hapo basi likagoma. Sindano ya joto ilipanda, mvuke ukatoka mbele, dereva akasogea pembeni akaegesha na kuweka mawe nyuma ya matairi. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Utingo akapanda lori lililokuwa linakwenda Singida kutafuta mwingine. Tulikaa pale zaidi ya saa tano.

Saa zile tano ndizo nitakazozikumbuka kuliko sehemu yoyote ya barabara. Mzee aliomba ubao wangu, akaulaza magotini upande mweupe juu, akaomba visoda. Vikapatikana kumi na tano. Akapanga vinne, kisha vinne mbele yake, akaacha nafasi ya vidole vitatu kati ya mistari miwili. "Hii ndiyo Mbao ya Ndayiragije," akasema. "Yule Mrundi kawafundisha kitu kimoja, wakakishika: mistari isiachane. Simba wapige pasi mia mbele yenu, hamjali. Mpira ukinaswa, unapelekwa pembeni haraka, wawili wanakimbia." Akasogeza kisoda kimoja pembeni, kingine katikati. Tulikuwa tumemzunguka watu kumi na kitu, wengine wamepiga magoti kwenye changarawe.

Kisha akaonyesha dakika ya themanini. Ule mstari wa mbele wa watu wanne akaurudisha nyuma, taratibu, nusu kidole kwa nusu kidole, mpaka visoda vinane vikawa karibu vinagusana ndani ya boksi. "Hakuna aliyeamua kurudi. Miguu ndiyo imeamua. Sasa mtazameni huyu." Akaweka kisoda chekundu pembeni ya ubao. Hakuna aliyekuwa anakwenda kumzuia asipige krosi, maana wote wameshaingia ndani. Krosi inakuja, Blagnon ni mrefu, mabeki wawili wanaruka naye. Mpira wa kwanza hata wakiuokoa, unaangukia hapa. Akagonga kwa kile kidole kisichokunjika, ukingoni mwa boksi, palipokuwa patupu. "Mzamiru anakaa hapa. Anasubiri hapa kama mtu anayesubiri basi."

"Dawa yake?" akauliza mmoja.

"Dawa yake iko benchi. Una watu watatu wa kubadilisha, basi. Kocha wa timu ndogo akifungwa anaingiza mastraika, akiongoza anaingiza mabeki, na wote anawamaliza dakika ya sabini. Ukija muda wa nyongeza anacheza na wagonjwa. Mmoja lazima abaki mkononi. Kiungo mwenye pumzi, aingie dakika ya themanini, kazi yake moja tu: kumfuata anayepiga krosi."

Mimi ni fundi, na nilielewa kwa namna yangu. Meza haivunjiki katikati ya ubao. Inavunjika kwenye kiungio, na kiungio hakiachi siku ya kwanza. Kinaanza kucheza kidogo, unakisikia, unakiacha, siku moja mgeni anaegemea. Mbao imeegemewa mara mbili palepale.

Mkanda ulifika jioni. Dereva alifungua kifuniko cha rejeta kwa tambara lililolowa, akageuza uso pembeni, akajaza maji madumu mawili polepole. Singida tumeingia saa tatu usiku na kulala hapahapa. Mkono wangu unanuka grisi.

Ijumaa, 26 Mei. Singida hadi Dodoma

Fundi aliyekagua basi letu asubuhi alikataa kuzungumzia fainali mpaka kwanza tumpongeze: Singida United wamepanda Ligi Kuu. Tulimpongeza kwa moyo mmoja. Msimu ujao atakuwa anaomba kile tunachokiomba sisi leo.

Njia ya Manyoni na Bahi ilikuwa nyepesi, watu wengi walisinzia. Ubao ulipita kiti kwa kiti. Nilipouchukua kabla ya kuingia Dodoma niliyasoma yote. Wa Yanga wameandika ushindi mnono, ambao hawauamini wenyewe. Dogo wa SAUT, 1-0, dakika ya 90. Mama wa dagaa, 1-1, tunashinda kwa matuta. Mzee, 0-0, na mbele yake hakuandika nani anashinda. Nilimuuliza. Alisema, "Nimeandika ninachokijua."

Dodoma imegeuka nyekundu na nyeupe. Kila tulipopita mabasi kutoka Dar yanashusha watu. Uwanja unaitwa wa ugenini kwa wote wawili, lakini Simba haina ugenini katika nchi hii, na ukilisahau hilo hesabu zako zote zitakuwa mbovu. Mtoto wa Dodoma anayezaliwa leo atakuwa Simba au Yanga kabla hajaota meno. Ni kesho tu, labda, nusu ya wale wa Yanga watatupa sauti zao.

Nimefikia kwa kaka yangu. Alinipokea kwa mikono miwili, akanibebea begi, akaanza: "Mdogo wangu, umesafiri kilomita mia saba kuja kuniona nikishangilia?" Baada ya chakula tuliingia kwenye hoja, na ninaziandika za kwake kwa haki, maana zina uzito. Simba hawajashika kombe kubwa tangu ubingwa wa 2012. Afrika hawajacheza tangu 2013 walipotolewa na Libolo ya Angola. Ubingwa wa mwaka huu umewaponyoka wakiwa na pointi sawa na mtani, baada ya mvutano wote ule wa pointi tatu za Kagera, walizopewa mezani kisha wakanyang'anywa. Kesho ndiyo mlango wa mwisho uliobaki wazi. "Timu kubwa ikiwa imeshiba," kaka akasema, "ninyi mna nafasi. Hii ina njaa ya miaka mitano."

Nilimwambia njaa pia huharakisha mguu. Timu inayolazimika kushinda, ikipita dakika ya sitini bila bao, jukwaa lake lenyewe linaanza kuizomea. Alikaa kimya kidogo, akasema kweli, hilo analiogopa.

Kwa hiyo kabla sijalala, hesabu yangu ya mwisho, bila ushabiki. Ndani ya dakika tisini naipa Mbao nafasi sawa na Simba, tunajua kuwabana. Kwenye nyongeza naipa Simba sita kwa nne, kwa sababu ya benchi lao. Kwenye matuta sijui mkubwa ni nani, hakuna anayejua. Ukijumlisha yote tuna zaidi kidogo ya nafasi nne katika kumi. Kule Mwanza wengi wangesema nazidisha, na Dar wangesema naota. Nimeisimamia.

Nje watu wanaingia kwa makundi, mabegi mgongoni. Jirani anazungumzia mwezi, Ramadhani iko mlangoni.

Jumamosi, 27 Mei. Jamhuri, Dodoma

Sina mpangilio mzuri wa kuandika leo.

Tuliingia uwanjani mapema. Sisi ishirini na tisa tulikaa pamoja upande mmoja na wengine waliotoka Mwanza kwa njia zao, na wa Yanga wa Dodoma waliokuja kututia nguvu, zaidi ya nilivyotarajia. Tulikuwa kama kiraka kwenye shuka jekundu.

Kipindi cha kwanza 0-0. Mzee hakushangilia wala kulalamika. Alikuwa amekaa mikono magotini, na kila baada ya muda ananyoosha vidole vitatu, anapima kwa mbali nafasi kati ya mistari yetu, kisha anarudisha mkono. Vidole vitatu. Mistari haikuachana. Simba walikuwa na mpira, sisi tulikuwa na nafasi zetu, na kadiri muda ulivyokwenda jukwaa lao lilipunguza ngoma.

Dakika ya sabini na tano nilimgeukia mama wa dagaa. "Soksi?" Akajikinga jua kwa kiganja, akatazama mmoja mmoja. "Mmoja tu," akasema. "Na wa Simba wawili."

Nilitetemeka. Dakika ya themanini. Themanini na tano. Kila krosi ya Simba tumbo langu lilikuwa linajua inakwenda kuangukia wapi, pale ukingoni mwa boksi, na kila mara palikuwa na mguu wetu. Tisini. Filimbi. 0-0. Kwa mara ya kwanza msimu huu tulikuwa tumeumaliza muda wa kawaida na Simba bila kuvunjika, na watu wa Mwanza walikumbatiana kana kwamba kombe ni letu. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Nilikuwa nimekuja na hofu moja, na ile hofu ilikuwa imepita mbele yangu.

Mzee alibaki amekaa. Alisema, "Bado thelathini."

Nyongeza ilipoanza haikuchukua muda. Blagnon. Tena Blagnon. Jukwaa jekundu lilipasuka, nikaiona Dodoma nzima inaruka isipokuwa sisi. Sikuweza kusema neno. Dogo wa SAUT alifunika uso kwa skafu. Nilifikiri imeisha, nakiri, nilifikiri hivyo kwa dakika nzima.

Kipindi cha pili cha nyongeza Ndaki Robert akasawazisha.

Sijui kuieleza. Nilijikuta ngazi mbili chini ya nilipokuwa nimekaa, kiatu kimoja hakipo, nimemshika mtu nisiyemjua, na yule mtu analia. Mama wa dagaa alikuwa anapiga vigelegele mfululizo bila kuvuta pumzi. Hata mzee alisimama. Alisimama wima, mikono chini, midomo inamchezacheza. Timu iliyofungwa kwenye nyongeza na Simba, miguu imeisha, benchi limeisha, inatafuta bao na inalipata. Nani alituhesabia hilo kwenye nafasi zetu? Hata mimi sikulihesabu.

1-1. Mama aliuonyesha mkono wake kwetu sote, kidole na kidole. Ndivyo alivyoandika kwenye ubao. Zilibaki dakika chache tufike matuta, na jua lilikuwa linazama, na nilianza kuchagua moyoni nani apige wa kwanza.

Ilikuwa inakwenda dakika ya 120 filimbi ilipolia. Penalti. Ya Simba.

Kulikuwa na zogo, wachezaji wetu wamemzunguka mwamuzi, na karibu yangu watu wanapiga kelele kwamba hapana, hapana. Nilipokaa mimi sikuona tukio vizuri, na sitaandika nisichokiona. Shiza Kichuya alichukua mpira. Sikumtazama. Nilitazama kisogo cha mzee, nywele zake nyeupe zilizokatwa chini, mkunjo mmoja wa ngozi juu ya kola ya shati. Kilikuwa kisogo kilichotulia kabisa. Kisha nikasikia uwanja, na kisogo kikainama.

2-1. Filimbi ya mwisho ilifuata.

Tulikaa mpaka giza. Wachezaji wetu walikuwa wamelala nyasini, mmoja anavutwa mguu na mwenzake. Tuliwaimbia mpaka sauti zikakatika. Mtu wa Simba alipita mbele yetu na bendera, akasimama, akaikunja bendera, akatupigia makofi, akaenda zake. Wengine wakafanya hivyohivyo.

Kaka alinisubiri nje ya geti. Alikuwa na furaha yote ya miaka mitano usoni na alikuwa anajitahidi kuificha kwa ajili yangu. Nilimwambia, kaka, shangilia. Akanishika bega. Tulitembea mpaka nyumbani hivyo, na hakunitania hata mara moja.

Jumapili, 28 Mei. Kurudi

Tumeondoka alfajiri. Ubao uko mbele ya basi palepale. Hakuna aliyesema uondolewe.

Singida tuliposimama kupumzika simu zilianza kuingiza ujumbe. Gari alilokuwamo nahodha wa Simba, Jonas Mkude, limepata ajali Dumila, Morogoro, akirudi Dar. Ameumia, na shabiki mmoja aliyekuwa kwenye gari hilo amefariki dunia. Mtu aliyekuwa anashangilia jana jioni. Basi zima lilinyamaza. Mama wa dagaa alijifunika khanga kichwani. Nilimpigia kaka kumsikia sauti tu. Tuliendelea na safari hivyo mpaka tumeshuka Sekenke, bila mtu kuzungumzia mpira.

Mazungumzo yalirudi Igunga. Dogo wa SAUT ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini. Alisimulia kuhusu Calais ya Ufaransa, mwaka 2000: timu ya ridhaa, daraja la nne, ilifika fainali ya Kombe la Ufaransa dhidi ya Nantes. Waliongoza 1-0. Wakafungwa 2-1, la pili kwa penalti mwisho kabisa wa mechi. Nahodha wa Nantes, Landreau, alimwita nahodha wa Calais wakanyanyua kombe pamoja.

"Penalti mwisho wa mechi," mtu akarudia nyuma.

"Mwisho kabisa."

Mmoja wa wale wanne wa Simba, ambaye tangu Alhamisi hakuwa amesema maneno ishirini, akasema jana Kichuya alipofunga alisubiri moyo wake ufurahi, haukufurahi. Hajui sasa yeye ni nani. Mwenzake wa Yanga akamsogezea chupa ya maji.

Kilichobaki cha njia kilikuwa mahesabu, na nilifurahi kuyasikia yamerudi. Tuna kocha, kama hawatamchukua. Tuna timu iliyoifunga Yanga mara mbili na kuikalia Simba dakika tisini bila bao. Wachezaji wetu wazuri watapigiwa simu na timu kubwa kabla ya wiki kuisha, na hatuna pesa ya kuwazuia. Hilo linaniuma kuliko penalti. Mama akasema hata hivyo soksi zilikaa juu. Kazi ya pumzi imefanyika tangu Aprili, imeonekana, anayetaka kubisha abishe.

Usagara mzee aliomba kushuka, nduguye anakaa pale. Nilimshushia begi. Ilikuwa saa mbili usiku, taa za malori zinatupita usoni. Nilimwambia shikamoo ya kuagana na nikamuuliza tena lile swali, kwamba kama yule mtu wa tatu angebaki benchi mpaka mwisho, ingekuwaje.

Alifikiri. Alininyooshea ule mkono wa vidole visivyokunjika, nikaushika.

"Fundi," akasema, "ligi inaanza Agosti. Ukiwaona viongozi, waambie watafute kiungo mmoja mwenye mapafu. Asianzishwe. Akae, anywe maji, aangalie mechi. Dakika ya themanini ndiyo yake."

Nimeiandika nyuma ya ubao, chini ya matokeo ya watu wote, kwa penseli ileile.